Vifuniko vingapi kwa pampu moja? Dawa ya magugu hupimwa kwa ardhi

Masika yanapokaribia, katika maduka ya pembejeo ya Malindi, Gede na Gongoni husikika mazungumzo yale yale. Mteja ameshika chupa ya dawa ya magugu, anauliza, "Hii naitia ngapi?" Muuzaji anajibu, "Vifuniko viwili kwa pampu, mzee wangu." "Pampu ya lita ngapi?" "Hizi hizi za mgongoni." Mteja analipa na kwenda zake. Baada ya wiki mbili ukipita shambani kwake unaona mistari: ukanda mmoja nyasi zimekauka kabisa, ukanda wa pili kijani kibichi, na kwenye kona alikomalizia pampu udongo umenyweshwa dawa kupita kiasi. Lawama zote zinaenda kwa dawa, kwamba ni feki. Dawa feki zipo, lakini haziachi mistari. Dawa feki ingeshindwa shamba zima. Mistari huletwa na mkono, mguu na nozeli.

Siku hizi mkanganyiko umezidi kwa sababu ya video za simu. Vijana wengi wanatazama Wamarekani wakiandaa vipande vidogo vya shamba kwa ajili ya wanyama wa porini. Kule wenye ardhi hupanda klova, oti na tanipu ili kulisha kulungu, na wengi hufanya hivyo kwa ajili ya uwindaji msimu ukifika. Wanatumia vipulizio vidogo vya pampu ya umeme wa volti 12, vimefungwa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, na hesabu zao ni za galoni kwa ekari. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na anayeishi pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke haifai apande chakula cha kumvuta tembo karibu na mahindi ya jirani. Hata hivyo kazi ya kuandaa kipande kidogo ni ile ile kwa anayetaka kupanda midimu ya kulisha viwavi wa vipepeo, maua ya nyuki, au malisho ya mbuzi. Pale Gede mradi wa Kipepeo umekuwa ukiwanunulia wakulima wa pembezoni mwa msitu pupa za vipepeo tangu miaka ya 1990, kwa hiyo kupanda chakula cha viumbe wadogo si jambo geni huku. Ni kwa watu hawa hasa ninaandika, maana kipande kikiwa kidogo, kosa la kipimo huwa kubwa zaidi.

Tuanze na maneno yenyewe. Pampu ninayoizungumzia ni ile ya kubeba mgongoni, mara nyingi ya lita 16 au 20, yenye mpini wa kusukuma kwa mkono mmoja na fimbo ya kupulizia kwa mkono wa pili. Zipo za betri pia. Nozeli ni kile kidude chenye tundu mwisho wa fimbo. Ndicho kinachoamua matone yawe makubwa au madogo na maji mangapi yatoke kwa dakika. Presha ni nguvu inayosukuma maji yapite kwenye tundu hilo. Kipimo cha dawa ni kiasi kinachotakiwa kwenye eneo fulani la ardhi: mililita kadhaa kwa ekari, au lita kadhaa kwa hekta. Ekari ni karibu mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 64 hivi. Hekta ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu.

Fundo lenyewe liko hapo kwenye kipimo. Mpishi wa harusi hupima mchele kwa idadi ya walaji, hapimi kwa ukubwa wa sufuria. Na dawa ya magugu ni vivyo hivyo: walaji ni mita za mraba za shamba lako, na pampu ni sufuria tu. Maji ni ya kuibeba dawa hadi kwenye jani. Ndiyo maana swali la "vifuniko vingapi kwa pampu" haliwezi kujibiwa na muuzaji, awe mkweli namna gani, kwa sababu hajui pampu yako moja inamaliza eneo gani. Wewe mwenyewe hulijui mpaka upime. Lebo nyingi huandika pia kiasi cha kutia kwenye lita 20, lakini nyuma ya namba hiyo kuna dhana kwamba utatumia maji ya kiwango fulani kwa ekari. Ukitembea taratibu kuliko walivyodhania, unazidisha. Ukikimbia, unapunguza.

Kupima ni kazi ya asubuhi moja, tena kwa maji matupu bila dawa hata tone. Pima shambani mita 10 kwa mita 10, kwa kamba na vigingi vinne. Hizo ni mita za mraba 100, na ekari ina vipande kama hivyo 40 na kidogo. Weka pampu mahali pa tambarare, tia maji mpaka alama unayoikumbuka, kisha beba na upige eneo lile lote kwa mwendo utakaotumia siku ya kazi. Usipige barabarani wala uani, kwa sababu mguu kwenye lami haukanyagi kama mguu kwenye nyasi na matuta. Ukimaliza, rudisha pampu pale pale na uijaze tena kwa jagi lenye alama za lita mpaka alama ile ya mwanzo. Maji uliyoongeza ndiyo uliyotumia kwa mita 100 za mraba.

Tuseme ni lita 2. Zidisha kwa 40, unapata lita 80 kwa ekari, yaani pampu nne za lita 20. Sasa soma lebo. Ikisema lita moja ya dawa kwa ekari (hii ni namba ya mfano, ya kufuata ni ile iliyo kwenye chupa yako), kila pampu inachukua mililita 250. Ndugu yako mwenye mwendo wa pole akipima kwa pampu ile ile anaweza kupata lita 3. Hiyo ni lita 120 kwa ekari, pampu sita, na kila pampu inataka mililita 167 tu. Akiiga kipimo chako cha 250 atakuwa ametia lita moja na nusu kwenye ekari, nusu zaidi ya kilichoruhusiwa, na pesa yake imekwenda na maji. Hakuna kati yenu aliyekosea kutembea. Kilichopungua ni kila mmoja kupima kwa miguu yake.

Sasa tuje kwenye kipande kidogo, ambako uharibifu mkubwa hutokea. Mtu ana eneo la mita 20 kwa 15 nyuma ya nyumba, anataka lisafishwe ili apande midimu na maua. Hizo ni mita za mraba 300. Kwa mwendo wa lita 2 kwa kila mita za mraba 100, anahitaji lita 6 za maji na mililita 75 hivi za dawa. Lakini amezoea pampu kujaa, basi anatia lita 20 na mililita 250. Akimaliza eneo lake zimebaki lita 14 mgongoni. Hataki kuzimwaga, ameilipia dawa, anarudia kupiga eneo lile lile mpaka pampu iishe. Hesabu yake inafika zaidi ya lita tatu kwa ekari badala ya moja. Pampu si lazima ijae. Changanya kiasi cha eneo lako, na kama una wasiwasi, punguza kidogo, kwa sababu kuongeza lita moja ni rahisi kuliko kutafuta pa kupeleka lita 14 za dawa iliyochanganywa.

Na kifuniko si kipimo. Vifuniko vya chupa hutofautiana kwa ukubwa, na cha chupa moja hakilingani na cha nyingine. Nunua sirinji ya mililita 20 au kikombe chenye alama, kiandike DAWA kwa rangi isiyotoka, kisiingie jikoni maisha.

Nozeli nazo zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Pampu nyingi huja na nozeli inayotoa ukungu wa mviringo, na hiyo inafaa dawa za wadudu na za ukungu wa mimea, ambapo unataka matone madogo yazunguke majani pande zote. Kwa dawa ya magugu ukungu huo ni hatari, maana upepo unaubeba hadi kwa michicha ya jirani. Inayotakiwa ni nozeli bapa, inayotoa maji kama upepeo uliofunguliwa, au ile inayotoa shuka pana la matone makubwa. Nozeli bapa nyingi hutengenezwa kwa rangi zenye maana moja duniani kote: ya njano hutoa karibu lita 0.8 kwa dakika na ya buluu karibu lita 1.2, zote kwa presha ya bar 3. Pampu ya mkono aghalabu hupigwa kwa presha ya chini ya hapo, na kwa bar 2 ile ya buluu hushuka hadi lita moja hivi. Hii ndiyo sababu ya kusukuma mpini kwa mpigo ule ule tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho. Kwa pampu ya betri mkono unapumzika, ila betri ikichoka presha hushuka nayo bila kukupigia hodi.

Kabla ya kwenda shambani, simama mahali pakavu pa saruji, inua nozeli kimo cha nusu mita kutoka chini, upige maji ukitembea. Tazama alama ya maji. Upana wake ndio upana wa kila mstari wako shambani, na ukiona katikati pamelowa sana na pembeni pakavu, au upande mmoja una michirizi, nozeli imeziba au imelika. Imeziba? Ioshe kwa maji na mswaki wa zamani. Sindano na waya hupanua tundu, na kuipuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu. Imelika? Kinga maji kwenye jagi kwa dakika moja, ulinganishe na nozeli mpya ya aina ile ile. Ikizidi kwa asilimia 10, itupe. Nozeli ni bei ndogo mno ukilinganisha na dawa inayopitia humo. Na ukipiga, fimbo ishike mbele yako kwa kimo kimoja. Kuitikisa kulia na kushoto kama wengi wanavyofanya ndiko kunakochora ile mistari niliyoianza nayo.

Maji ya kuchanganyia ni jambo ambalo video za ng'ambo haziwezi kukuambia kwa niaba ya Malindi. Dawa inayotumika sana kusafisha shamba kabla ya kupanda ni ya glaifoseti, na glaifoseti hushikana na udongo kwa nguvu. Maji ya mto Sabaki, hasa baada ya mvua za bara, huja mekundu kwa tope. Ukiyatia kwenye pampu vile vile, sehemu ya dawa inashikwa na tope kabla haijagusa jani. Yaache yatulie kwenye pipa mpaka yawe meupe, kisha uteke ya juu. Visima vya ukanda wa matumbawe, kuanzia Watamu hadi Malindi, vina shida nyingine: maji yake yamebeba chokaa nyingi, ndiyo yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na kukataa povu la sabuni. Chokaa hiyo pia huishika glaifoseti na kuipunguza makali. Maji ya mvua uliyokinga kwenye tangi ni bora kuliko yote mawili, na kwa kipande cha lita 6 hakuna sababu ya kutumia mengine.

Kuna mambo yanasemwa sana kuhusu dawa hizi na si yote ni kweli. Wapo wanaosema ukishapiga glaifoseti ardhi imekufa, hakuna kitakachoota. Si hivyo. Inaingia kwa majani mabichi, ikifika kwenye udongo inashikwa, haizuii mbegu kuota. Hiyo ndiyo sababu magugu mapya huota baada ya mvua inayofuata, na ndiyo sababu unaweza kupanda muda mfupi baadaye kwa kufuata lebo. Lakini usidhani dawa nyingine za magugu ziko hivyo pia. Atrazini, ambayo hutumika kwenye mahindi, hukaa ardhini na inaweza kuua kunde na maharage yatakayofuata. 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Mvuke na matone yake yakipeperuka huharibu nyanya za mtu aliye mbali. Kwa hiyo neno "dawa ya magugu" peke yake halitoshi. Soma kwenye lebo jina la kiini, yaani kemikali yenyewe inayoua magugu, na hakikisha kuna namba ya usajili ya PCPB, bodi inayodhibiti dawa hizi nchini Kenya.

Wapo pia wanaosema haina madhara kabisa, unaweza kupiga kwa kandambili. Nao hawako sahihi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine zimeendelea kuiruhusu ikitumiwa kwa kufuata maelekezo, na mjadala huo haujafungwa. Mkulima hahitaji kusubiri uishe ndipo avae glavu za mpira, mikono mirefu, na buti, suruali ikiwa nje ya buti ili kinachotiririka kisiingie ndani. Wakati hatari kuliko wote ni ule wa kupima, dawa ikiwa haijachanganywa na maji. Nimeona watu wakivaa vizuri shambani baada ya kupimia dawa kwa mikono mitupu nyumbani.

Halafu kuna kuongeza. Huyu anatia sabuni ya unga, yule chumvi, mwingine dizeli, ili "ishike". Dawa nyingi za glaifoseti zimeshatiwa kiambato cha kuzifanya zishike jani. Sabuni ya unga inakuletea povu tu, na chumvi pamoja na dizeli zinabaki kwenye udongo utakaopanda. Wengine wanarudia kupiga siku ya tatu kwa kuwa nyasi bado kijani. Glaifoseti husafiri polepole hadi mizizini. Rangi ya njano huanza kuonekana vizuri baada ya wiki hivi. Subira hapo ni sehemu ya kipimo.

Upepo wa pwani nao una saa zake. Asubuhi baada ya jua kupanda na umande kupungua, majani yakitikisika kidogo tu, ndio wakati. Kufikia saa tano upepo wa bahari umeshaamka, na wakati wa kusi huwa mkali zaidi. Majani ya minazi yakianza kupiga kelele, tua pampu. Tazama pia mvua: lebo inasema dawa inahitaji saa ngapi kavu juu ya jani, na kwa nyingi ni saa kadhaa.

Kwa anayepandia vipepeo na nyuki, kuna sharti moja ambalo silegezi: pampu iliyowahi kubeba dawa ya wadudu isiguse kipande hicho. Dawa ya wadudu imetengenezwa kuua kiwavi, na mabaki yaliyojificha kwenye mpira, kichujio na fimbo yanatosha kukuharibia kazi. Kuosha mara tatu, maji yakipitishwa hadi nozelini, ni lazima kila siku ya kazi, ila 2,4-D na baadhi ya dawa za wadudu ni sugu hata kwa kuosha. Mwenye uwezo anunue pampu mbili na kuzipaka rangi tofauti. Asiye na uwezo, na kipande chake ni cha hatua ishirini kwa ishirini, mimi ningemwambia achukue jembe na kufunika udongo kwa majani makavu. Dawa ina faida pale penye ndago au nyasi za mizizi mirefu, ambako jembe hukata na kuzalisha. Na kama magugu yana maua, yafyeke maua kwanza, siku moja kabla, ili nyuki wasije kula kwenye majani yaliyopigwa.

Kwa ndago usitarajie kumaliza kwa kupiga mara moja. Vile vinundu vya chini ya ardhi huchipua kwa zamu, na dawa hufikia tu vile vilivyokuwa na jani siku ile. Piga yakiwa na majani ya kutosha, subiri yachipue tena, piga mara ya pili kwa kipimo kile kile, ndipo utifue kijuujuu na kupanda mvua zikishika. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na maji ya kusuuzia uyatie kwenye pampu, kisha uitoboe. Chupa ya dawa isiyotobolewa huku kwetu haikosi mtu wa kuitilia mafuta ya taa, maji, au hata mnazi.

Mwisho, namba uliyoipata kwa kamba na jagi iandike juu ya pampu kwa rangi: lita ngapi kwa mita 100 za mraba, nozeli ya rangi gani, na jina la aliyepima. Akibeba mtu mwingine, au nozeli ikibadilishwa, kipimo cha maji matupu kinaanza upya.